Namba ya Binti Yangu kwenye Bango la Bangi

Shemeji yangu alilala kwenye kochi langu miezi saba. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akanihurumia mapema. Miezi saba mwanamume mzima ananyoosha miguu sebuleni kwangu, anaamka saa tano asubuhi, anauliza kama anjera, chapati zetu za Kisomali, zimebaki. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake wa damu, ni dereva wa basi hapa Birmingham, na mbele ya abiria ana maneno ya kutosha. Mbele ya kaka yake ulimi wake unakwenda likizo. Kwa hiyo shemeji alipoingia kwenye duka langu la uchapaji, mtaa wa Alum Rock, akaniambia amepata nusu ya duka kule Kings Heath, na kwamba nyuma kuna chumba atahamia humo, mimi sikusikia biashara. Nilisikia kochi langu likirudi.

"Shem, nataka mabango mawili ya dirisha na vipeperushi," alisema. "Kazi ya haraka. Ijumaa nafungua."

"Unauza nini?"

"Dawa. Mafuta, majani ya chai, vitu vya kutuliza maumivu. Hii kitu iko legal siku hizi, shem. Wazungu wananunua kama mkate."

Akanionyesha kwenye simu alichotaka. Jani la kijani kubwa kama sinia, na chini yake, kwa Kiingereza cha herufi nene: bangi ya dawa, kwa maumivu, usingizi na wasiwasi, huna haja ya kumwona daktari. Jina la duka halikuwepo. Simu yake haikuwepo. Nilimuuliza wateja watampataje, akasema wataona mlango. Nikikumbuka jibu hilo leo natamani ningemrushia mkasi uliokuwa mezani.

"Leseni unayo?"

"Inakuja."

Ningekuwa na akili zangu siku hiyo ningejua kwamba kinachokuja hakijafika. Lakini nilikuwa nimechoka kukunja blanketi la mtu mzima kila siku. Nikawasha mashine.

Kazi ya mabango nilijifunza Eastleigh, Nairobi, kwa mjomba wangu, aliyekuwa akichora kwa brashi ukuta wa kila mtu: hoteli, kinyozi, daktari wa meno, madrasa. Mjomba alikuwa na sheria moja asiyoivunja kwa rafiki wala kwa tajiri. Bango halitoki mikononi mwake bila saini yake chini kulia, jina na simu. Bango lisilo na saini, alikuwa akisema, limeibwa. Mafundi wote wa Nairobi hufanya hivyo, na hapa Alum Rock mimi ndiye niliyekuja na desturi hiyo. Wachapaji wengine barabarani kwetu hawasaini, na wateja hunung'unika: kwa nini namba yako kwenye dirisha langu? Nami huwajibu kwamba asiyetaka saini yangu aende kwa wasiojivunia kazi yao. Kwa hiyo ukitembea barabara yetu, kuanzia kwa muuza nyama hadi duka la magauni ya harusi, chini kulia utaiona namba ya duka langu.

Lakini laini yenyewe haikuwa kwa jina langu. Nilikuja hapa kutoka Uholanzi kabla sijamzaa binti yangu, na hata nilipofungua duka Kiingereza changu kilikuwa bado cha kuombea chumvi. Aliyekwenda kusaini mkataba wa simu ni binti yangu, siku chache baada ya kutimiza miaka kumi na minane. Alijaza fomu, akasaini, akanikabidhi kadi. Simu nikakaa nayo mimi dukani, jina likabaki lake. Miaka ikapita na hakuna aliyekumbuka.

Binti huyo amesomea dawa. Wakati ninaouzungumzia alikuwa kwenye mwaka wa mafunzo katika hospitali moja upande wa Harborne, anasubiri kusajiliwa kuwa mfamasia. Alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akichokozwa huchanganya. Siku ile alipita dukani akitoka kazini, bado amevaa sare, akakuta bango la pili linatoka kwenye mashine. Akasimama akalisoma.

"Mum, what is this?"

"Kazi ya ami yako."

"Huwezi ku-advertise hii. It's prescription only. Hata clinic yenye licence hairuhusiwi kutangaza bangi kwa public, wanatangaza doctor peke yake. Hii ni offence. Ya ami, na ya anayechapa pia."

"Ami yako anasema leseni inakuja."

"Licence gani? Hakuna licence ya kutangaza. Nobody can get it, Mum."

Nilimwambia hivi, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka: "Wewe soma vitabu vyako. Mimi nachapa." Nikakata ukingo wa bango kwa kisu, nikaweka saini yangu na namba chini kulia, nikalikunja. Yeye akachukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La asiyesikia la mtoto hawakulisema, ikabidi nijifunze mwenyewe.

Ijumaa shemeji akahama. Nikafungua madirisha ya sebule, nikapiga kochi kwa mashine ya vumbi mara mbili, nikakaa katikati yake peke yangu na kikombe cha chai. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Jumatatu simu ya dukani ikaanza. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nina kitu cha mgongo. Kijana akauliza nguvu yake ni kiasi gani. Mwingine akataka kujua kama napeleka hadi nyumbani. Ilinichukua wapiga simu watatu kuelewa: namba pekee kwenye bango la shemeji ilikuwa yangu. Nilimpigia nikamwambia watu wake wananipigia mimi. Akacheka.

"Waelekeze tu, shem. Ni baraka hiyo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikawaelekeza. Kings Heath, nyuma ya barabara kuu, pita baa ya kona, utaona jani la kijani. Kiingereza changu kilikuwa kimekua vya kutosha kufanya ujinga huo. Nilikuwa nachapa kadi za harusi kwa mkono mmoja na kuwapokelea wateja wa bangi kwa mkono mwingine, na nilijiambia kwamba ni adabu tu kumjibu mtu aliyepiga simu. Mmoja wa wale wapiga simu waungwana alikuwa ofisa wa halmashauri ya jiji.

Barua haikuja kwangu, wala haikwenda kwa shemeji. Ilikuja nyumbani kwa jina la binti yangu, kwa sababu ndilo jina lililo kwenye laini. Aliifungua akiwa amesimama mlangoni, viatu bado miguuni. Ilisema kuna tangazo la dawa lililotolewa kinyume cha sheria, na kwamba namba iliyo kwenye tangazo ni yake. Ilimwita kwenye mahojiano. Ilitaja adhabu: faini, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Na ikaongeza kwamba suala la kuuza bangi yenyewe linachunguzwa na polisi kando.

Alinisomea yote, polepole, na hakuinua sauti hata kidogo. Afadhali angepiga kelele. Kisha akanieleza lililobaki. Ilibidi awaambie hospitalini kesho yake, kwa sababu mwanafunzi wa dawa akichunguzwa hatakiwi kuficha. Akificha, kuficha kwenyewe ni kosa. Akisema, faili lake linasimama mpaka kesi iishe. Miaka mitano ya chuo na mafunzo, na namba iliyo kwa jina lake iko chini ya jani la kijani kwenye dirisha la mvivu. Nani atamsajili kugawa dawa mtu aliyetangaza dawa bila kibali?

"I told you," alisema. Maneno matatu tu. Akapanda ngazi.

Nilimpigia shemeji, hakupokea. Alikuja mwenyewe Jumapili, lakini hakuja peke yake. Alikuja na wazee wawili wa ukoo wa mume wangu. Kwetu Wasomali jambo likiharibika wazee hukaa, na nyumba hufunguliwa hata kama mwenye nyumba anataka kuifunga. Niliwatilia chai ya iliki. Shemeji alikwenda moja kwa moja akakaa kwenye kochi, mahali pake palepale.

Mzee mkubwa alianza na dua, na baada ya dua akaja na hesabu yake. Shemeji, alisema, ana kesi ya zamani na karatasi zake za ukaazi bado ziko mezani kwa serikali. Akipatikana na kosa atarudishwa. Msichana ni raia, amezaliwa hapa, hana doa. Akisema kwamba alikosea, kwamba ni yeye aliyechanganya maneno ya tangazo kwenye kompyuta, watampa onyo na mambo yataisha. "Mama," aliniambia, "funika kombe mwanaharamu apite. Damu ni nzito kuliko maji."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia zulia.

"Na kazi yake?" niliuliza. "Mtu mwenye kosa la dawa atakuwaje mfamasia?"

"Kazi ni nyingi," shemeji akasema. "Si anaweza kukaa dukani na wewe?"

Nimefundishwa kuwaheshimu wazee, na niliwaheshimu hadi hapo. Nilisimama nikachukua kikombe cha shemeji kutoka mkononi mwake, bado kina chai nusu.

"Alipokuwa anasoma mpaka macho yanavimba hakuna mzee aliyekuja kumwombea dua," niliwaambia. "Siku ya mitihani alikuwa mtoto wangu. Leo penye lawama amekuwa mtoto wa ukoo. Mimi sina msichana wa kuwapa. Mna mwanamume hapo kwenye kochi, mchukueni huyo."

Mzee mkubwa akaniambia kwamba nikisema jina la shemeji kwa serikali, nisitegemee mkono wa mtu siku ya msiba wangu. Nilimjibu kwamba siku hiyo nitakuwa nimekufa, sitauhitaji. Hata mume wangu aliinua kichwa. Waliondoka bila kumaliza chai, na mimi niliosha vikombe nikitukana kila kimoja.

Mahojiano yalifanyika katika ofisi ya halmashauri katikati ya jiji. Nilikwenda nikajitaja mwenyewe kabla ya siku ya binti yangu kufika. Waliniuliza kama nataka mkalimani wa Kisomali, nikakataa. Nani asiyejua? Mkalimani wa Kisomali wa Birmingham ni binamu ya mtu fulani, na kabla sijafika nyumbani ukoo ungekuwa na ushahidi wangu neno kwa neno. Niliomba wa Kiswahili. Wakaniletea mama wa Kitanzania, mpole, aliyeniamkia kwa adabu na kuniita dada. Hakuwa na damu yoyote na mtu yeyote niliyemjua. Nilimpenda papo hapo.

Maofisa walikuwa wawili, mwanamke wa halmashauri na mwanamume wa idara ya dawa. Waliliweka bango mezani, picha yake imekuzwa, na saini yangu chini kulia inasomeka vizuri. Sikuwahi kuona kazi yangu imewekwa pazuri hivyo. Mwanamume akanieleza, na yule mama akatafsiri kila kitu bila haraka: bangi ya dawa hutolewa kwa cheti cha daktari bingwa peke yake. Dawa ya cheti haitangazwi kwa umma na yeyote, awe na leseni ya kuitoa au asiwe nayo. Aliyeagiza tangazo anawajibika, na aliyelichapa akijua anawajibika pia.

Wakili niliyepewa alikuwa ameniambia kabla ya kuingia kwamba neno la kuangalia ni hilo la mwisho. Akijua. Nikisema sikujua, nilikuwa mama mchapaji asiyejua Kiingereza, na huenda wangeniacha. Lakini nikisema sikujua, wangeuliza kuhusu msichana wa dawa aliye na laini ya duka, anayepita dukani kila jioni. Yeye hangeweza kusema hakujua. Nani angemwamini? Mmoja wetu ilibidi awe alijua. Nilikuwa nimelipima hilo usiku kucha na kila nikilipima lilikuja na uzito uleule.

Mwanamke wa halmashauri akauliza: "Kabla hujachapa, kuna mtu yeyote aliyekwambia kwamba tangazo hili ni kosa?"

Mficha uchi hazai. "Ndiyo," nilisema. "Binti yangu. Alisimama mbele ya mashine akanikataza. Alinieleza sheria kama mlivyonieleza ninyi, ila kwa maneno machache. Nikamwambia asome vitabu vyake."

Yule mama wa Kitanzania alinitazama kwanza. Kisha akatafsiri.

Nilimtaja na shemeji, jina lake na la baba yake na la babu yake, kama tunavyotajana sisi, ili wasije wakamchanganya na mwingine.

Sitayarefusha yaliyofuata. Chumba cha nyuma kule Kings Heath kilikuwa na zaidi ya majani ya chai, na shemeji sasa ana kesi ambayo si ya mabango. Mimi nilipewa onyo rasmi, ambalo nililikubali na kulitia saini, na linakaa kwenye kumbukumbu zangu. Binti yangu alipata barua ya mistari miwili kwamba hawamshtaki kwa lolote. Kwenye harusi iliyofuata ya ukoo hakuna mwanamke aliyenisogezea sahani. Mume wangu aliendelea kuangalia zulia, ila siku moja alikuja na mtu wakalibeba kochi wakalipeleka jalalani, na hakusema neno. Kwa mume wangu hiyo ni hotuba.

Binti alifunga laini ile. Ikabidi niende duka kwa duka barabara nzima kuifuta namba, maana asingekubali ibaki hata moja. Nilibeba kikaushio cha nywele na wembe. Unapasha stika mpaka gundi ilegee, unaingiza wembe kwenye kona, unavuta taratibu. Muuza nyama aliniuliza kama nimefilisika. Mwenye duka la magauni alitaka nimfutie na vumbi la dirisha papo hapo, kwa kuwa nimeshika kitambaa. Kila kioo nilichofuta kiliacha mraba msafi chini kulia, ukionyesha mahali nilipokuwa. Nilikasirika kwa kila mmoja, na nilimkasirikia kila mtu aliyepita akanitazama.

Nilirudi nyumbani siku ya mwisho vidole vina gundi, nikamkuta binti mezani na karatasi. Kesi ilikuwa imekwisha kwa halmashauri, lakini wanaomsajili walitaka maelezo yake kwa maandishi, na mtu aliyehusika athibitishe kwa saini. Maelezo hayo yatakaa kwenye faili lake maisha yake yote ya kazi. Alinipa nisome. Kiingereza chake ni kifupi na safi, hakuna neno la kupoteza. Nilimtafuta shemeji ndani yake, akawa na nusu mstari. Kisha nikafika kwenye sehemu yangu. Ilisema: nilimweleza mama yangu kwamba ni kosa, mama yangu hakusikiliza.

"Huwezi kulainisha kidogo?" nilimuuliza. "Useme nilikuwa nimechoka. Useme kuhusu kochi."

"Is it true, or not true?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisema mwenyewe mbele ya watu watatu na wakili. Lakini kuisema ni kitu kimoja, na kuikuta imeandikwa kwa mkono wa mtoto wako ni kingine. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilichukua kalamu. Mkono ukaenda wenyewe chini kulia, mahali pa siku zote, nikasaini. Palikuwa na mstari wa jina, na chini yake mstari wa simu. Kwa mazoea ya miaka nikaanza kuandika namba ya duka, tarakimu nne za mwanzo, akaniwekea kidole juu ya karatasi.

"Hapana, mama," alisema, kwa Kiswahili, na uso wake haukulainika hata kidogo. "Weka namba yako mwenyewe."